Ukumbi Uliojaa Ndevu

Kwa ambaye ameliokota gazeti hili ili afungie viatu na sasa ameamua kusoma, ngoja nimweleze nilipofikia.

Mimi ni mwigizaji. Nilikuwa naigiza katika mchezo wa redio mpaka siku nilipoomba ruhusa ya kwenda kumwuguza mama yangu. Niliporudi nikakuta nimeangukiwa na kabati, nimekufa na nimeshazikwa. Ndivyo mwandishi wa mchezo alivyoona inafaa. Nikahangaika mpaka nikapewa nafasi ya kinyozi katika ule mchezo wa nyimbo ambao wazazi wetu waliupenda kupita kiasi, Kinyozi wa Mtaa wa Pili. Ulikuwa unarudi jukwaani baada ya miaka mingi. Nikadhani balaa limenisahau.

Kama hukuuona mchezo ule wa zamani, kuna jambo moja lazima ulijue. Katikati ya sehemu ya pili, kinyozi alikuwa anasogea ukingoni mwa jukwaa na kuuliza, "Nani wa kiti?" Mwanamume mmoja kutoka kwa watazamaji alipanda, akaketi, akanyolewa kweli kweli, kwa maji na sabuni na wembe, waimbaji wote wakimwimbia. Wapo wazee ambao hadi leo ukiwauliza wamefanya nini hapa duniani, wanaanza na hilo.

Baba yake mchumba wangu ni mmoja wao. Siku aliponyolewa, shavu moja likiwa tayari na la pili bado, msichana wa safu ya pili alimcheka kwa sauti. Mzee aliposhuka jukwaani alikwenda moja kwa moja kumwuliza anacheka nini. Wakaoana. Mwaka jana mama yule alifariki, na tangu mazishi mzee hajagusa wembe. Alisema atanyolewa palepale, mimi ndiye nitakayemnyoa, na akiinuka kwenye kile kiti atanipa jibu la posa yangu.

Nilimwambia, "Haya." Wakati namwambia hivyo nilikuwa najua jambo ambalo yeye hakulijua. Mwongozaji wetu alikuwa ameshafuta swali, kiti na wembe, akaacha wimbo tu.

Ndipo pazia likafunguka, Jumamosi mchana, nami nikaona ndevu.

Ukumbi ulijaa ndevu. Nyeupe, nyeusi, ndefu, chache, na nyingine zilikuwa ndiyo kwanza zinaanza lakini mwenyewe ameziamini. Tangu matangazo yabandikwe, wanaume wa mji mzima walikuwa wameacha kunyoa, kila mmoja kwa siri, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake aliyepata akili hiyo. Sasa walikuwa wanatazamana.

Mtu mmoja tu nilikuwa na hakika hayumo humo ndani, mama yangu. Mama ni mjane, mwema, lakini ana kicheko ambacho kimeshamtoa kwenye vikao kadhaa na mara moja mahakamani. Nilimsihi abaki nyumbani. Akanijibu, "Haya." Katika familia yetu neno hilo halina uzito mkubwa.

Jukwaani hapakuwa na duka la kinyozi. Palikuwa na fremu ya kioo isiyo na kioo, inaning'inia kwenye kamba, na mimi chini yake ndani ya shati refu jeusi.

"Kinyozi yuko wapi?" mama mmoja wa mbele aliuliza.

"Si yule aliyesimama."

"Yule? Mbona amevaa kama amefiwa?"

"Labda duka limefungwa."

Wimbo wa kwanza ukaanza. Mwongozaji wetu, tunayemwita Mtaalamu kwa sababu ndivyo alivyojitambulisha, alikuwa ametuagiza tuuimbe polepole ili kila neno lipate kupumua. Watazamaji wakaimba nasi, ila kwa mwendo waliouzoea wao. Kufikia ubeti wa pili walikuwa wametuacha. Wakamaliza wimbo, wakajipigia makofi, wakakaa vizuri kwenye viti, wakakuta sisi bado tunaimba.

"Hawa nao wanaimba nini?"

"Uleule."

"Si umekwisha?"

"Kwao bado."

Baada ya hapo akaingia bibi harusi. Zamani bibi harusi alikuwa anaingia na baiskeli, amevaa gauni, anapiga kengele, na ukumbi unasimama. Kwetu sisi bibi harusi alikuwa ngazi. Mtaalamu alisema ngazi inaeleza zaidi. Nikapiga magoti nikaiimbia ngazi mapenzi, beti zote, na nilijitahidi kuiangalia machoni.

"Ngazi haijibu," mtu alisema.

"Ingejibu, wewe ungebaki humu ndani?"

"Mwacheni jamani, kijana wa watu anajitahidi."

Kuzomewa nimezoea. Kuonewa huruma na mtu nisiyemjua, kwa sauti, mbele ya ngazi, kuliniuma sana.

Mzee mmoja akaanza kukoroma. Jirani yake akamtikisa, akamwambia akikoroma akorome, lakini asifuate ule mwendo wa zamani, anawachanganya waimbaji.

Lakini hakuna aliyeondoka. Hilo ndilo lililonitia hofu. Mchezo ulikuwa mbovu, kila mtu anaona, na hakuna hata mmoja aliyenyanyuka kitini. Walikuwa wanapapasa ndevu zao na kusubiri.

Wakati wa mapumziko baba yake mchumba wangu akaja nyuma ya jukwaa. Alikuwa amevaa koti la suti na amening'iniza taulo safi shingoni. Mkononi alikuwa na mfuko.

"Nimekuja na vitu vyangu," alisema. "Brashi, bakuli, sabuni, na wembe mpya, haujafunguliwa. Siku hizi mtu hajui cha mwenzake kimepita wapi."

"Umefanya vizuri, baba."

"Nimenunua viti vitatu safu ya pili. Changu, cha mwenzako, na cha katikati, kile alichokalia mama yake. Hicho nimekiwekea mtandio wake, asije mtu akakikalia."

Nikabadilisha mazungumzo. "Na mchezo umeuonaje, baba?"

"Mchezo sijauangalia, mwanangu. Mimi nimekuja kunyolewa."

Akazichana zile ndevu kwa vidole. Zilikuwa zimefika kifuani.

"Unajua kwa nini niliacha? Kila asubuhi nikisimama mbele ya kioo, nikishamaliza shavu moja, namsikia anacheka. Miaka yote alikuwa anapita mlangoni pale anacheka. Nageuka, hakuna mtu. Ikatokea siku ya kwanza, ya pili, nikaona hapana. Nikakigeuza kioo kikatazama ukuta."

Nikaitazama ile taulo shingoni mwake.

"Leo nataka nimalize," alisema. "Nikimaliza hili nitaweza mengine, na hilo la kwenu likiwemo. Haya, mwanangu?"

Hapo ndipo mtu mwenye utu angesema ukweli. Mimi nilisema, "Haya, baba."

Akaniambia harudi kitini. Atasimama palepale kwenye ngazi za kupandia jukwaani, maana ameona ndevu nyingi mle ndani na hataki kuwahiwa.

Hata hajafika mbali mchumba wangu akatokea. Ni muuguzi, na ana tabia ya kukutazama usoni kabla hujasema unaumwa wapi.

"Umemwambia nini baba?"

"Nimemwambia haya."

"Haya ya nini? Mbona unatoka jasho?"

Nikamwambia yote, kwamba hakuna kiti, hakuna wembe, na kwamba katika tukio lile nitainua mikono mitupu mpaka wimbo uishe, nikiinyoa hewa, kwa sababu Mtaalamu anasema kinachonyolewa ni hofu ya mwanadamu.

Hakupiga kelele. Ningependelea angepiga kelele.

"Baba hajala asubuhi," alisema. "Amepiga pasi ile taulo mara mbili. Nenda kaongee na huyo mtu wako, sasa hivi."

Mtaalamu nilimkuta chumbani kwake anajitazama kwenye kioo, anakipapasa kidevu. Naye ana ndevu, fupi, zimechongwa kwa ustadi, na anazipenda.

"Umewaona?" aliniambia. "Wamekaa kimya. Wanatafakari."

"Wanasubiri kunyolewa, bwana mkubwa."

"Wanadhani wanasubiri kunyolewa. Wakitoka hapa watajiuliza, kwa nini sikunyolewa?"

"Wataniuliza mimi. Kuna mzee mmoja, baba mkwe wangu, yaani bado, amefiwa na mkewe..."

"Vizuri sana. Huyo ataielewa kazi yangu kuliko wote."

"Nimnyoe yeye peke yake. Wimbo mmoja tu."

Mtaalamu akaniwekea mkono begani. Kila mtu aliyewahi kunifukuza kazi alianza na bega.

"Lile swali la zamani ukilitamka," alisema, "usisubiri hata pazia lifungwe. Na wenye kumbi zote nawajua."

Nilipotoka nikakuta mchumba wangu ameshamfikia mtunza vifaa, mama mnene mwenye funguo kiunoni ambaye wote tunamwita Mama Stoo. Wanawake wawili wakisimama wakaongea kwa sauti ndogo halafu wakanyamaza wakiniona, huwa najua nimeshaamuliwa.

"Kile kiti cha zamani ninacho," Mama Stoo alisema. "Kiko chini ya turubai. Walitaka kukitupa, nikasema wakitupe na mimi. Wewe uliza tu swali. Kiti tutakisukuma mimi na mwenzako."

"Nitafukuzwa."

"Kwani hapa umefika?" aliniuliza, akiangalia ile ngazi bibi harusi wangu.

"Na sijawahi kumnyoa mtu. Mimi mwenyewe nanyolewa."

"Kumbe bado kuna mengine?" mchumba wangu alisema, akaenda kusaidia kuvuta turubai.

Sehemu ya pili ikaanza na tukio lenyewe likafika. Waimbaji wakaanza ule wimbo kwa mwendo wa kukokota maiti. Nikainua mikono mitupu. Nikainyoa hewa.

Ukumbi ulitulia tuli. Mamia ya ndevu zikanielekea. Pembeni, kwenye ngazi za jukwaa, mzee alikuwa amesimama wima na mfuko wake, ameshavua koti na kulikunja kwenye mkono.

"Anafanya nini?" mtu alinong'ona.

"Anafukuza nzi."

"Haulizi?"

"Ngoja atauliza."

Sikuuliza. Ubeti wa kwanza ukapita. Nikamwona mzee anaitazama mikono yangu, kisha pale ambapo kiti kilipaswa kuwa, kisha mikono yangu tena. Hakukasirika. Akaanza kulivaa koti lake, mkono mmoja, taratibu, kama mtu aliyeambiwa ofisi imefungwa arudi kesho.

Kukasirika kwake ningekuvumilia. Lile koti lilinishinda.

Nikashusha mikono. Nikajikaza kisabuni, nikasogea ukingoni.

"Nani wa kiti?"

Wasomaji wangu, sijawahi kusikia sauti kama ile. Ukumbi mzima ulisimama. Wanaume walimwagika kwenye njia za katikati, wakasukumana, kisha, kwa kuwa walikuwa watu wazima na wake zao wanawaangalia, wakapanga foleni. Magurudumu yakalia nyuma yangu na kile kiti kikaingia, chekundu, kimechanika mgongoni, kinasukumwa na Mama Stoo upande mmoja na mchumba wangu upande wa pili. Watu wakakipigia makofi kiti. Hawakuwa wamempigia makofi mtu yeyote tangu mchana uanze, isipokuwa wao wenyewe.

"Foleni, mzee!" mtu akapiga kelele mzee alipopanda.

"Mpisheni huyo, amekuja na taulo."

Wakampisha.

Hapo Mtaalamu akatoka upande wa pili wa jukwaa mbio, mikono juu, uso umemwiva.

"Simamisheni! Simamisheni!"

Watazamaji wakamwangalia kidevuni.

"Na wewe panga foleni!"

"Mimi ndiye mwongozaji!"

"Hata kama. Wenzako wamekuja tangu saa ngapi?"

Jamaa wawili wenye ndevu kubwa wakamshusha kwa heshima zote, wakampeleka nyuma kabisa, wakamwonyesha aliye mbele yake. Nilimwona akijaribu kueleza jambo kuhusu hofu ya mwanadamu. Mtu wa mbele yake alimpa pole.

Waimbaji wetu nao wakatazamana, kisha mpiga ngoma akaongeza mwendo bila kuagizwa na mtu. Sasa jukwaa na ukumbi wakawa wanaimba pamoja. Kwa mara ya kwanza siku ile tulimaliza ubeti kwa wakati mmoja.

Mchumba wangu akashika bakuli. Nikakata zile ndevu ndefu kwa mkasi wa Mama Stoo, nikapaka povu, kisha nikashika wembe, nikauweka shavuni bila kujua niuelekeze wapi.

"Vuta ngozi kwanza," mzee alisema bila kufumbua macho. "Teremsha. Usiogope, hapa nilipo sina haraka."

Nikateremsha. Shavu la kulia likatokea, jeupe na laini, la mtu mdogo kuliko nilivyodhani. Mchumba wangu alilitazama na machozi yakamtoka, akayaacha yatoke, maana mikono ilikuwa na bakuli. Hata mimi nilisikia raha ambayo nilikuwa sijaisikia tangu niuawe na kabati. Nilijisemea, kumbe. Kumbe mambo yanaweza kuninyookea.

Shavu la kushoto lilikuwa bado pori na povu. Wimbo ukafika kwenye ule mnyamazo mfupi kabla ya kiitikio.

Katika mnyamazo ule kikatoka kicheko.

Kilitoka safu ya pili. Kilianza chini, kikapanda, kikakatika, kikarudi kwa nguvu mpya. Nilikijua kabla hakijafika juu. Kicheko kile nimekisikia tangu nikiwa tumboni mwake.

Mzee alikakamaa kitini. Nikauinua wembe haraka.

"Umekisikia?" alininong'oneza.

"Nimekisikia, baba."

"Na wewe umekisikia?" alimwuliza binti yake.

"Nimekisikia. Kila mtu amekisikia."

Akashusha pumzi ndefu, yote, kama iliyokuwa imekaa humo mwaka mzima. "Basi si kichwa changu," alisema. Akafumbua macho, akageuka.

Katika kile kiti cha kati, safu ya pili, alikuwa ameketi mama yangu. Alikuwa amechelewa, amefika wakati wa mapumziko, na mwonyesha viti, akiona ukumbi umejaa na viti vitatu havina watu, alimpa kilicho bora. Kiyoyozi kilikuwa kikali. Mama, mtu asiyependa kusumbua watu, alikuwa ameuchukua mtandio aliokuta pale akajifunika mabegani.

"Ule ni mtandio wa mama," mchumba wangu alisema. Povu likamwagika miguuni pangu.

Ukumbi wote ukageuka kumtazama mama. Akaacha kucheka. Akaurekebisha ule mtandio vizuri.

"Samahanini," alisema. "Endeleeni tu. Ni lile shavu."

Na akaanza tena.

Nilimsubiri mzee akasirike. Kiti cha marehemu kimekaliwa, mtandio wa marehemu umevaliwa, na aliyeuvaa anamcheka mbele za watu. Nilishajiandaa kuomba radhi kwa niaba ya ukoo.

"Yule ni nani?" aliniuliza.

Nilikuwa nimechoka na zile "haya" zangu. Nikamwambia mzee kweli, na nadhani ndiyo mara ya kwanza tangu nianze kuwasimulia.

"Ni mama yangu mzazi, baba."

"Baba yako yupo naye?"

"Baba alishafariki zamani."

Mzee akamtazama kwa muda mrefu, povu likimtiririka shingoni. Kisha akaegemea kiti, akanigeuzia shavu la kushoto.

"Malizia," alisema. "Malizia vizuri."

Mchumba wangu akaninamia sikioni.

"Siku ile alipokutana na mama, ilikuwaje?"

"Si hivi hivi?"

"Basi usilimalize hilo shavu," alisema. "Nakwambia, usilimalize, tusije tukawa ndugu."

Nililinyoa kwa mwendo wa Mtaalamu. Kila unywele ulipata kupumua. Lakini shavu ni shavu, lina mwisho wake, na foleni nyuma yangu ilikuwa imeanza kulalamika. Wembe ukapita mara ya mwisho. Mzee akajifuta kwa taulo, akajipapasa uso mzima, akainuka kwenye kiti. Ukumbi ukapiga makofi. Alionekana kijana. Mchumba wangu naye aliona hivyo, na hakufurahi.

Nikamshika mkono wa shati.

"Baba, ulisema ukiinuka kitini utanipa jibu langu."

"Nakumbuka, mwanangu," alisema, akilivaa koti, akifunga kifungo cha juu, macho yake hayako kwangu. "Nitakujibu. Ngoja kwanza nikamwulize yule mama anacheka nini."

Akashuka ngazi za jukwaa, akaelekea safu ya pili.